Mafuriko yamepita, mto umerudi ndani ya kingo zake. Naweza kurudisha kikundi huko?

MguuMwepesi
Wakuu habari zenu. Nina kikundi cha matembezi, watu wazima na watoto wawili, wa miaka 9 na 11. Njia yetu inafuata mto, inavuka kijito, inapita daraja la mbao, kisha tunalala usiku mmoja kwenye mchanga penye kona ya mto. Mafuriko yamepita huko vibaya, ila sasa jua linawaka na wenzangu wananisukuma twende. Mnaangalia nini kabla ya kusema njia inapitika? Na watoto wanaweza kuoga? Naomba msiniambie "kuwa makini" tu, hilo nimeshaambiwa sana.

Kipepeo77
Maji yakishapungua yamepungua mkuu. Nendeni mkafurahi.

FimboMkononi
Huyo wa juu msameheni. Mimi kazi yangu ni kukagua njia za miguu baada ya mvua kubwa, kabla hazijafunguliwa. Ukweli ni kwamba mgeni hanitishi, maana hutazama anapokanyaga. Anayenitisha ni mtu kama wewe, anayeijua njia. Njia unayoijua haipo tena, hata kama inafanana na ile.

Anza na kingo. Maji hula udongo kwa chini, juu nyasi zinabaki zimesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayesogea pale kupiga picha amesimama juu ya kibaraza kisicho na nguzo. Mimi siusogelei ukingo kuukagua. Natafuta kona ya mto ambapo nitauona ukingo kutokea mbali, nione kama kwa chini umeliwa.

Tope nalo lina hila. Juu limekauka na kupasuka vipande, unasema hapa pagumu. Choma fimbo kwanza. Nimeona ikizama hadi mkononi mahali palipokuwa na nyayo za ndege tu.

Miti huanguka hata siku isiyo na upepo, kwa sababu udongo ulioshika mizizi umelowa. Ukiona mti umeinama na nyuma yake ardhi imeinuka au ina ufa, usikae chini yake hata kula. Mlimani ni hivyo hivyo: nyufa mpya, chemchemi mahali ambapo hapakuwa na maji, miti iliyoinama juzijuzi. Maporomoko ya udongo yanaweza kuja baada ya mvua kukatika, kwa kuwa maji bado yanashuka ndani ya ardhi.

Daraja: kila mtu hukanyagakanyaga mbao na kusema imara. Shida iko miguuni. Tazama kutokea pembeni kama maji yamechimba msingi, au magogo yamejazana upande yanakotoka maji. Kama huoni miguu yake, msipite.

MguuMwepesi
Asante sana mkuu. Na kijito? Kawaida hakifiki magotini. Nilifikiri kufunga kamba, kila mtu ajifunge kiunoni.

FimboMkononi
Kamba kiunoni hapana, hapana kabisa. Ukianguka, kamba inakaza na mkondo unakukandamiza chini ya maji. Ni bora usiwe na kamba.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kasi ikiongezeka mara 2, msukumo unaongezeka mara 4. Sasa mtoto wa miaka 9 uzito wake ni kiasi gani? Maji yakiwa ya tope huoni hata unapokanyaga. Pia tazama upande maji yanakoelekea kutoka kwenye kivuko: kama huko kuna mti umelala ndani ya maji, usivukie hapo. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Wakubwa wakilazimika kuvuka, wafungue mikanda ya mabegi kiunoni na kifuani, ili begi livuliwe kwa urahisi likiwavuta. Watoto wasivuke. Mkirudi nyuma hakuna atakayewacheka.

NesiWaZamu
Kuhusu kuoga: kwa sasa hapana. Mafuriko yamezoa vyoo, mizoga, dawa za mashambani na mafuta ya magari. Kinachosahaulika zaidi ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na mifugo. Vijidudu vyake huingia kupitia mchubuko, macho, pua na mdomo. Dalili zinaweza kuanza siku 2 hadi 30 baadaye: homa, kichwa, macho mekundu, misuli kuuma hasa ya nyuma ya mguu. Wengi hudhani ni malaria. Ukienda hospitali sema mwenyewe kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, daktari hawezi kubahatisha. Mwenye kidonda asikanyage maji hayo, na kila mtu aangalie chanjo yake ya pepopunda.

Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani. Kuchemsha kunaua vijidudu (dakika 1 tangu yaanze kutokota, dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000), lakini hakuondoi kemikali.

MguuMwepesi
Basi kuoga kumefutwa. Swali la mwisho, pale mchangani tunapolala pamekuwa papana zaidi, pazuri kweli.

FimboMkononi
Pamekuwa papana kwa sababu mto umepaweka juzi, na unaweza kupachukua. Tazama miti iliyo karibu: utaona majani makavu na takataka zimenasa kwenye matawi, pengine juu ya kichwa chako. Hapo ndipo maji yalipofika. Hema liwe mahali palipoinuka kuliko alama hiyo. Usiku ukisikia mawe yanagongana mtoni, au mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, huenda huko mto unakotoka kuna magogo yamezuia maji. Acheni vitu, pandeni juu kwa upande, msikimbie kufuata mto.

Ila nenda kwanza wewe na mtu mzima mmoja, bila watoto. Halafu tupia hapa picha za lile daraja, za miguu yake, siyo za mbao.