Mnaowapa mbwa pasli kwenye chakula, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Wafugaji wengine wanaisifia pasli (parsley, yale majani ya kiungo) kwamba inakata harufu ya mdomo wa mbwa, wengine wanaiogopa kabisa. Naomba tukusanye yaliyotukuta. Naanza na yangu.

Jike wangu ana umri, na mdomo ulikuwa unanuka kiasi kwamba akija kukulamba unageuza uso. Nikawa namkatakatia pasli mbichi, majani matupu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, nachanganya kwenye chakula kikishapoa. Mashina siweki, maana anayalamba mpaka yanang'aa halafu anayapanga pembeni ya bakuli. Harufu ilikuwa inapungua akishakula, baadaye inarudi vilevile. Daktari wa mifugo alipomwinua mdomo wa juu akanionyesha magego ya nyuma: ukoga umeganda, wa kahawia, na ufizi umevimba mwekundu. Alisafishwa meno chini ya dawa ya usingizi, na hapo ndipo harufu ilipoisha. Pasli bado nampa kwa sababu anaipenda, ila ugonjwa wa meno hautibiwi kwa majani.

Jibu
Mkuu, asante kwa kuanzisha. Wangu aliwahi kutolewa mawe ya oksaleti (kemikali ya kwenye mimea inayoweza kuganda kuwa mawe) kwenye kibofu, na daktari akapiga marufuku pasli palepale kwa sababu yenyewe ina oksaleti. Mwenye mbwa wa figo au mawe aulize kwanza. Sasa hivi namwekea jani la mrehani mara mojamoja.

Jibu
Naongezea: mbwa mwenye mimba msimpe. Na mbegu au mafuta ya pasli yasikaribie bakuli, yana nguvu kuliko majani. Hata majani yenyewe yakizidi sana yanaweza kufanya ngozi iungue juani. Kwa ujumla, nyongeza zote za siku zisizidi asilimia 10 ya chakula chake.

Jibu
Ndugu zangu, angalieni sana kilichopandwa jirani na hiyo pasli. Kwetu ilikuwa tuta moja na vitunguu majani, na dume letu likavila. Siku ileile hakuonyesha kitu. Baada ya siku kadhaa akawa analala tu, fizi zimepauka karibu nyeupe, mkojo wa kahawia. Tukaelezwa kwamba vitunguu vya aina zote, kitunguu saumu kikiwemo, vinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na kuvipika au kuvikausha hakuondoi sumu. Kwa hiyo hata mchuzi uliobaki, kama una kitunguu, usimpe. Mkimwona amekula, msisubiri dalili, pigeni simu kwa daktari saa hiyohiyo.

Jibu
Pole sana ndugu. Alipona?

Jibu
Alipona, ila alilazwa na kuongezewa damu. Tuta tumelizungushia wavu, vitunguu tumevihamishia kwenye vyungu vya juu.

Jibu
Wangu anachambua kila jani na kulitema sakafuni. Nimeacha kumlazimisha, maana chakula chake cha kawaida kinamtosha.

Mwanzisha mada
Hiyo ya vitunguu imenigusa sana, nashukuru umeieleza kwa kirefu. Kuna aliyewahi kumpa mbwa wake rozmari au mnanaa? Atuambie kiasi alichoweka, na tumbo lilipokeaje.