Mfumo mpya, rejesta ileile: mnaofunga kompyuta kwenye vituo vya afya njooni mjibu hapa

Wakuu, salamu baadaye. Uzi huu nawafungulia wanaojiita timu ya utekelezaji: mnakuja kufunga mfumo wa kielektroniki kwenye kituo cha afya, mnafundisha siku mbili, mnapiga picha ya pamoja mbele ya skrini, mnaondoka. Wauguzi, wafamasia na watu wa takwimu karibuni mwongeze ya kwenu, ila wafungaji wajibu kwanza.

Tuanze na rejesta za karatasi. Kwa nini bado zipo? Mama mjamzito akifika kliniki, muuguzi anajaza kadi ya mama, anajaza rejesta ya kituo, kisha anageukia kompyuta kuingiza yaleyale: uzito, presha, wiki za mimba, kimo cha mimba, majibu ya VVU na kaswende, vidonge vya kuongeza damu. Kukiwa na mradi wenye mfadhili wake, ipo na tableti yenye fomu yake. Pigeni hesabu: dakika 3 za kuingiza mara ya pili, kina mama 60 kwa siku, tayari ni saa 3 za muuguzi mmoja. Saa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kupima presha na kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Ndiyo maana mkifungua kumbukumbu za mfumo mnakuta wagonjwa wote wa siku wameingizwa jioni kwa mkupuo, na presha zote ni 120/80. Halafu ripoti yenu inasema "watumishi wana mwamko mdogo". Mwamko gani, jamani? Mtu amefanya kazi moja mara tatu, mnataka aimbe?

Chanzo kinajulikana. Hakuna aliyetoa barua rasmi kusema kuanzia tarehe fulani rejesta fulani imefungwa na kumbukumbu ya mfumo ndiyo halali. Mkaguzi akija bado anadai kitabu, na ripoti ya mwezi bado inahesabiwa kwa vijiti kutoka kwenye kitabu. Utaratibu ni kwenda rejesta moja moja: mnaziendesha mbili sambamba miezi miwili, kila mwisho wa mwezi mnalinganisha jumla ya kitabu na jumla ya mfumo, mnatafuta tofauti imetoka kwa nani na kwenye safu ipi, mnarekebisha, kisha kitabu kinafungwa kwa maandishi na barua inabandikwa ukutani. Bila barua hiyo msifunge chochote, maana mnaongeza kazi tu na kuiita maendeleo.

Twende mapokezi. Mmeweka sehemu za lazima ambazo mgonjwa hana jibu lake: namba ya simu, namba ya kitambulisho, tarehe kamili ya kuzaliwa. Mfumo haumruhusu karani kusonga mbele, na nyuma yake kuna mtoto anatetemeka kwa homa. Karani anafanya nini? Simu inakuwa 0000000000 na tarehe inakuwa 1 Januari. Kesho yake mnashangaa nusu ya watu wamezaliwa siku moja. Wekeni umri wa kukadiria wenye alama inayoonyesha umekadiriwa, na ruhusuni "hana simu". Vya lazima viwe jina, jinsia na umri. Basi.

Hapohapo ndipo faili pacha zinapozaliwa. Anatafutwa "Mwanaisha", hapatikani kwa sababu mara ya kwanza aliandikwa "Mwana Aisha", anafunguliwa faili jipya. Sasa ana faili mbili, na mzio wake wa penisilini umeandikwa kwenye lile ambalo daktari halioni. Hili linaweza kuua, na wala halihitaji teknolojia ya ajabu. Utafutaji ukubali jina linalokaribiana, mwaka wa kuzaliwa ukipishana hata kwa miaka 2, na jina la mama. Halafu awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kuunganisha faili pacha kila wiki. Mfumo usio na kitufe cha kuunganisha faili haujakamilika, usinunuliwe.

Chumba cha daktari nako kuna kituko. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, inaanza na A00. A00 ni kipindupindu. Ukipanga orodha kwa namba hizo za msimbo na ukaacha mstari wa kwanza uwe umeshachaguliwa, daktari mwenye foleni akibofya kwa haraka umeripoti kipindupindu kwa mtu mwenye mafua. Wekeni orodha fupi ya magonjwa 50 au 60 yanayoonekana sana kituoni, yatafutwe kwa herufi tatu za mwanzo, na pasiwepo jibu lililochaguliwa kabla.

Dirisha la dawa: "dawa haipo kwenye mfumo". Iko nyuma ya mfamasia, mgonjwa anaiona kwa macho yake! Sababu huwa mojawapo ya mbili. Ama mzigo ulipokelewa lakini namba ya bechi (toleo la dawa kutoka kiwandani) na tarehe ya kuisha muda hazijaingizwa, au vipimo vimechanganywa: kopo la vidonge 1,000 limeingizwa kama 1, na mfumo unasoma kidonge kimoja. Mgonjwa akiandikiwa vidonge 15 unakataa. Kila dawa iwe na kipimo cha kupokelea na kipimo cha kutolea, na namba ya kubadilishia kati yake ifungwe ili asiyehusika asiiguse. Na mfumo utoe onyo, usizuie. Kumzuia mfamasia asitoe dawa aliyoishika mkononi ni uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kusimama dirishani.

Sasa umeme, na hapa ndipo uzembe ulipo mkubwa. Mnaleta UPS (kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) ndogo ya VA 650 mnasema "mmelindwa". UPS hiyo ikibeba kompyuta ya mezani na skrini inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima salama, si za kuendelea kuhudumia wagonjwa. Chukueni sehemu 5 za kazi zenye laptop, wati 50 kila moja: wati 250. Ongezeni ruta na seva ndogo, tufikie 300. Kwa saa 8 ni wati-saa 2,400. Betri ya volti 12 na Ah 200 inasomeka 2,400 kwenye karatasi, na hapo ndipo mwenye mauzo anapowadanganya kwamba moja inatosha. Betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo mna 1,200 za kutumia. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula kama asilimia 10 hadi 15. Hesabu inakuja betri 3. Kompyuta za mezani zinakula wati 100 hadi 150 na skrini zake, kwa hiyo mkizileta hizo hesabu inakaribia maradufu au kuzidi. Lakini mnaleta za mezani kwa sababu ni bei rahisi kununua.

Seva yenyewe mara nyingi ni kompyuta ya kawaida chini ya meza ya mapokezi, diski moja, vumbi tele, na nakala ya akiba iko kwenye diski hiyohiyo. Diski ikifa, vyote vinakwenda. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Na kila mwezi mtu achukue nakala hiyo airudishe kwenye mashine nyingine aone kama inafunguka, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hamjui kama mnayo.

Mtandao ukikatika mfumo unazunguka tu, kwa sababu kila ukurasa unasubiri seva iliyo mbali. Msituambie haiwezekani vingine. DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, wenye mizizi Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, programu yake ya simu inahifadhi data bila mtandao na kuituma ukirudi. Kituoni iwepo seva ya ndani, kazi iendelee, data itumwe kwenye seva ya mbali usiku.

Neno la siri moja limebandikwa kwenye skrini, watu kumi wanalitumia. Mnawagombeza. Kuingia kunachukua dakika nzima na mfumo unamtoa mtu akikaa kimya kidogo, sasa mlitegemea nini? Mpeni kila mtu PIN yake fupi ya kubadilishana watumiaji. Bila hivyo dozi ikikosewa hamtajua nani aliandika.

Na miradi ikiisha? Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi mipya ya aina hii Januari 2012 kwa sababu majaribio yalikuwa mengi na mifumo yake haiongei, yaani haipeani data. Tangu hapo bado mikataba inasainiwa bila kifungu cha data. Kiandikwe: data ni ya kituo, inatolewa yote kwa muundo wazi unaosomeka bila programu yenu, na zoezi la kuitoa linafanyika kabla ya malipo ya mwisho.

NYONGEZA: Kwa aliyeuliza kuhusu ujumbe mfupi wa kukumbusha kliniki. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Lakini ukibandika maandishi kutoka programu ya kuandikia, alama ya ng' inageuka kuwa ile iliyopinda, haimo kwenye alfabeti ya kawaida ya simu, na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Ujumbe uleule unalipiwa kama miwili au mitatu. Tumieni alama iliyonyooka. Na msiandike jina la dawa wala ugonjwa, simu nyingi ni za familia nzima: "Tunakukumbusha miadi yako Jumanne" inatosha.

NYONGEZA 2: Friji za chanjo. Kengele za vipima joto kwa kawaida hulia ikizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au ikishuka hadi -0.5 kwa dakika 60. Watu wanaogopa joto tu, wakati chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B zinaharibiwa na kuganda. Vifaa vinavyotuma taarifa kwa simu vina laini ndani. Nani anaweka salio humo mradi ukiisha? Na namba inayopokea kengele usiku ni ya nani, maana nyingine bado zinakwenda kwa mtu aliyehamishwa kituo.