Naomba ushauri: bia za viwanda vidogo, viungo vya asili na mahali pa kula vizuri Kampala

MwanaArua:
Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi nimekulia Arua, na huu ni mwaka wangu wa pili kuishi Ntinda. Mwezi ujao tunampokea shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayekuja likizo kutoka Ubelgiji, ambako amefanya kazi kwa miaka tisa katika kiwanda kidogo cha bia. Ametuomba mambo matatu: kuonja bia zinazotengenezwa hapa kwa kiasi kidogo na watu wanaoijali kazi yao, kupata viungo vya kwetu ili ajaribu kupika bia hapa nyumbani, na kula vyakula vya makabila mbalimbali bila kulazimika kuizunguka nchi nzima.

Juma lililopita tulitangulia kufanya majaribio. Tuliingia katika mgahawa mmoja wa gharama, tukaagiza chupa mbili za bia ya kiwanda kidogo, zikaletwa zikiwa vuguvugu kutoka kwenye friji ya kioo iliyokuwa ikipigwa na jua la mchana. Zilikuwa na harufu kama ya mpira ulioungua. Mhudumu alitueleza kwamba bia za aina hiyo ndivyo zilivyo. Je, ni kweli? Sipendi kumpeleka mgeni anayeijua kazi hii mahali pa kutuaibisha.

Mzee wa Luzira:
Binti yangu, si kweli hata kidogo, na mhudumu huyo alipaswa kuzichukua chupa zake na kuwarudishia fedha. Uchungu wa bia hutokana na maua yaitwayo hopsi, na bia iliyotiwa hopsi ikipigwa na jua hubadilika na kutoa harufu hiyo hiyo uliyoieleza, ambayo haiondoki hata ukiigandisha. Chupa ya kahawia huikinga kwa kiasi kikubwa, ya kijani kidogo tu, na isiyo na rangi haiikingi kabisa. Tena kampuni kubwa huipasha bia moto ili idumu, lakini viwanda vidogo vingi havifanyi hivyo, kwa hiyo bia yao inahitaji kukaa kwenye baridi tangu inapotoka kiwandani hadi inapofika mezani.

Kwa Kampala, mwanzieni na bia za Banange, ambacho ni kiwanda kidogo cha hapa hapa, kisha mpelekeni Yasigi, bustani ya bia iliyopo Kololo. Popote mtakapokuwa, ulizeni kwanza kilichopo kwenye bomba, na chupa iliyopangwa dirishani msiiguse.

Kuhusu kupika nyumbani, mwambieni mapema asitegemee kununua hopsi sokoni. Mmea ule unataka mchana mrefu wa kiangazi cha Ulaya ili uchanue vizuri, nasi ikweta inapita Kayabwe, barabara ya Masaka, ambapo mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Shayiri ipo, inalimwa Kapchorwa kwenye miteremko ya mlima Elgon, ila wakulima wengi huiuza moja kwa moja kwa wazalishaji wakubwa. Aje na hopsi zake na hamira kavu ya bia kwenye sanduku. Nafaka aziache, kwa sababu hapa atapata zilizo bora. Hata viwanda vyetu vikubwa vimelitambua hilo: Eagle, bia ya mtama, ilianza kutengenezwa Jinja mwaka 2002.

Mama wa Soroti:
Dada, nimesoma nikaona hakuna aliyemtajia shemeji yako ajono, pombe ya wimbi ambayo wengine wanaiita malwa, ilhali hicho ndicho kiwanda kidogo tulichokuwa nacho kabla ya chupa kufika. Mimi naipika Naguru, na nilifundishwa na mama yangu.

Unga wa wimbi tunauchanganya na maji kidogo, tunaufunika uchachuke kwa takriban wiki moja, kisha tunaukaanga kwenye bati kubwa juu ya moto wa kuni. Hapo ndipo kazi ilipo. Unageuza kwa koleo bila kupumzika mpaka unga uwe vipande vidogo vya rangi ya kahawia vyenye harufu kama ya mkate uliokaribia kuungua. Ukichelewa dakika chache, pombe yote itakuwa chungu. Vipande hivyo vinaanikwa juani, na vikikauka vinaweza kukaa miezi. Ukitaka kupika, unavilowesha, unatia kimea cha wimbi kilichosagwa, na baada ya siku mbili au tatu iko tayari. Mezani tunaitia chunguni pamoja na maji ya moto, kila mtu na mrija wake mrefu, ambao mwishoni una kichujio kidogo kilichosukwa ili makapi yasipite. Maji yanaendelea kuongezwa, na ladha hubadilika kutoka nzito hadi nyepesi kadiri mazungumzo yanavyoendelea.

Kimea cha wimbi kinauzwa katika masoko ya Owino na Kalerwe kwa wauzaji wa nafaka. Chukua kiganjani, unuse: kizuri kina harufu tamu, na vijimizizi vilivyokauka bado vinaonekana. Kikinuka uvundo, kiache.

Mpishi wa Nakasero:
Nakubaliana na Mama. Naongeza tonto, pombe ya Waganda inayotokana na ndizi za mbidde zilizoivishwa, zikakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yakachachushwa kwa usiku mmoja pamoja na mtama uliokaangwa, ndani ya mtumbwi wa mbao uliofunikwa majani ya mgomba. Hainunuliwi ya kuweka, maana baada ya siku chache inageuka siki. Tafuteni kijijini, upande wa Mpigi au Masaka, asubuhi ile ile inapofunuliwa.

Kwa viungo, soko la Nakasero lina mboga na matunda bora, na maduka ya Wahindi yaliyo jirani yana bizari za kila aina. Vanila ya Mukono au Bundibugyo ipimwe kwa vidole: ganda liwe jeusi, lenye mafuta, na lizungushike kwenye kidole bila kuvunjika. Kahawa achukue ya Bugisu. Asikose odii, ile siagi ya ufuta ya kaskazini, na moo yaa, mafuta yanayotokana na mbegu za mti wa shea. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ni bora yaagizwe moja kwa moja kutoka Mbale.

Mahali pa kula ni pengi, na hapa natoa maoni yangu tu. Luwombo ya kuku, yaani kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, tafuteni kwenye mikahawa midogo ya Mengo saa za mchana, na muondoke ikiwa jani halijababuliwa kwa moshi, kwa sababu ladha yote inatoka humo. Injera, mkate mwembamba wa Waethiopia, tafuteni mtaa wa Kabalagala. Chakula cha Kihindi kipo mgahawa wa Khana Khazana, Kololo. Lakini siku moja wekeni kwa ajili ya Bombo, kwa Wanubi, mle kisra, mkate wao mwembamba. Utajisikia uko nyumbani Arua.

Muuguzi Mbarara:
Naomba kuongeza jambo moja zito. Pombe za kuchachusha kama ajono na tonto ni tofauti na waragi, pombe kali ya kuchemshwa na kukingwa mvuke, hasa ule wa kienyeji usiojulikana ulikotoka. Mwaka 2010 huko Kabale watu wapatao 80 walikufa kwa waragi uliochanganywa na methanoli, na methanoli huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Mgeni akitamani waragi, mpeni wa chupa iliyofungwa kiwandani. Kwa ajono, hakikisheni tu kwamba maji yamechemka na mirija imesafishwa.

MwanaArua:
Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati. Mzee, nimemwandikia shemeji, na amejibu kwamba tayari amepima kilo mbili za hopsi. Leo asubuhi nimekwenda Kalerwe nikanunua kimea cha wimbi. Muuzaji wa kwanza alikuwa na chenye uvundo, wa tatu alikuwa na kile cha harufu tamu. Mama, je, unaweza kumpokea siku utakayokuwa unakaanga? Angependa kuliona lile bati kuliko kukaa mezani.

Mama wa Soroti:
Akishafika, aje Alhamisi, saa moja asubuhi, na avae nguo za kazi. Koleo la pili lipo.