Ukuta wa magharibi unatuchoma: nipande fikasi au bogenvilia?

Mkazi wa Kunduchi:
Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya ghorofa moja, ukuta wa nyuma unatazama magharibi na hakuna hata mti wa kuukinga. Jua linaupiga tangu saa nane mchana mpaka linazama. Saa nne usiku ukiugusa kwa ndani bado una joto, na huko ndiko vyumba vya watoto. Nimepita kwa wauza maua Barabara ya Bagamoyo, mmoja kanipigia debe fikasi ya ukutani, ile ya majani madogo, mwingine bogenvilia. Rangi upande huo imeanza kubanduka kwa chumvi. Mama mkwe kasikia "maua ya kutambaa" tu, kashasema nyoka. Naombeni ushauri.

Zege:
Panda AC.

Mama Miche:
Zege, LUKU utamnunulia wewe?

Mkazi, mimi miche ndiyo biashara yangu, ila ukuta unaobanduka rangi usiupe fikasi. Ile haifungwi kamba. Inajishika yenyewe kwa vijizizi vinavyotoa ulimbo, na inachokishika ni rangi, siyo tofali. Rangi ikiachia, inaporomoka nayo. Kwenye nyufa za lipu mizizi inaingia. Halafu wauzaji huwa hatulisemi hili: yale majani madogo ni ya utotoni. Ikishakomaa huko juu inatoa matawi manene yanayochomoza nje, na majani yake ni makubwa kabisa. Bila mkasi wa mara kwa mara huiwezi.

Bogenvilia ina miiba na haijishiki, lazima uifunge. Ukiimwagilia kila siku na kuijaza samadi inatoa majani matupu. Ikionja kiu kidogo ndipo inachanua. Lakini wewe shida yako ni kivuli, majani matupu kwako si hasara.

Ningekuwa wewe ningeweka Combretum indicum, ua jingine la kutambaa, ambalo wengine bado wanaliita Quisqualis. Vishada vyake vinafunguka vyeupe jioni, vinageuka waridi, kisha vyekundu, kwa hiyo kishada kimoja unakikuta na rangi zote tatu. Usiku vinanukia hadi ndani. Nayo ina vimiba, vinavyobaki pale majani yanapodondoka, na ina fujo ya kukua.

Fundi Lipu:
Nakazia alichosema Mama Miche. Kabla ya mche, kwangua hiyo rangi na uzibe nyufa. Kisha usiuache mmea ugusane na ukuta. Toboa, funga vyuma vifupi vya kushikia, tandaza waya sentimita kumi hivi kutoka kwenye lipu. Hewa ipite nyuma ya majani, ndipo ubaridi utauona, na siku ya kupaka rangi utapata pa kupitisha brashi. Kunduchi na upepo ule wa bahari, waya wa kawaida utakula kutu mapema. Jikamue ununue stenlesi.

Mkazi wa Kunduchi:
Nimewaelewa, asanteni. Na mama mkwe nimwambieje?

Mama Miche:
Mwambie kwa heshima kwamba nyoka anafuata panya na mijusi, siyo ua. Chini kwenye shina pawe peupe, usirundike matofali wala mbao. Juu, kata kabla halijafika kwenye gata. Likiingia chini ya bati, panya kapata ngazi. Na madirishani pia lisisogee.

Shimo lichimbe hatua moja kutoka kwenye msingi, mbali na karo. Mchanga wenu huko haushiki maji, changanya samadi iliyooza vizuri. Panda masika yakianza, Machi hivi. Mvua zikikata, mwagilia wewe hadi vuli. Mwaka wa kwanza usitegemee kivuli cha maana.