Serikali kulipia matibabu bila kugusa bei ni kutia maji kwenye pakacha. Nipingeni

#1 (mleta mada)

Wakuu salaam. Kila mada ya gharama za matibabu ikianzishwa watu wanagawanyika palepale, hawa wanataka serikali itibu kila mtu bure, wale wanataka serikali itoke kabisa soko lijiendeshe, alafu yanafuata matusi mpaka uzi unafungwa. Mi naona wote wanabishania kitu kilichoamuliwa zamani. Serikali imo tayari, kila mahali. Hata Marekani ambayo inatajwa kama ndo soko huria la afya, karibu nusu ya hela yote ya matibabu inatoka kwenye kodi, na hiyo nusu peke yake ukiigawa kwa kila kichwa inazidi hela yote ambayo Uingereza inatumia kwa kichwa, serikali na mifuko ya watu pamoja. Nusu tu hiyo jamani.

Kwahiyo swali langu ni lingine. Serikali ikishaingia, inaingia kama nani? Kama mtu wa kulipa bili tu, inaletewa karatasi inasaini? Au kama mnunuzi, anayekaa na muuzaji na kumwambia hiyo bei sitaki, punguza?

Maana wale Wamarekani wanatumia kama asilimia 17 ya pato la taifa kwenye afya wakati nchi nyingi nyingine tajiri zinazunguka kati ya 10 na 12, na usidhani ni kwa sababu wanashinda hospitali. Mjapani anamwona daktari zaidi ya mara 10 kwa mwaka, Mmarekani kama mara 4. Anayekwenda mara chache ndo anayelipa zaidi, tofauti iko kwenye bei.

Mwaka 2003 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwalipia wazee dawa kupitia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, ikaanza kazi 2006. Jambo jema kabisa, ila ndani ya sheria hiyohiyo wakaweka kifungu kinachoikataza serikali kujadiliana bei na kampuni za dawa. Yaani mteja mkubwa kuliko wote sokoni kajifunga mdomo mwenyewe! Mpaka 2022 ndo wakabadilisha, na dawa 10 za kwanza bei zake mpya zimeanza kutumika Januari 2026. Hesabu mwenyewe hiyo miaka kodi imelipa bei ya muuzaji bila hata kuuliza.

Japani huwezi kuiita ya kijamaa, hospitali zao nyingi ni za watu binafsi. Lakini tangu 1961 kila raia ana bima, na bei ya kila kipimo, kila sindano, kila upasuaji inatoka kwenye kitabu kimoja cha nchi nzima kinachopitiwa kila baada ya miaka miwili, mgonjwa wa kawaida anachangia asilimia 30 basi. Ni nchi yenye wazee kibao na bado bili yao haijapasuka kama ya Marekani.

Msimamo wangu ni huo: ruzuku bila bei ni kumlisha muuzaji. Karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka sehemu inayouma. Ukishusha bei kwa amri, kitu kinaadimika. Hiyo sio siasa, ni hesabu ya kawaida tu, bei isipofanya kazi ya kugawa kidogo kilichopo basi foleni itafanya. Waulize Wakanada wanavyosubiri upasuaji wa nyonga, miezi. Foleni nayo ni bei sema unailipa kwa maumivu na siku za kazi ulizokosa, na haionekani kwenye hizo asilimia zako za pato la taifa.

Alafu angalia matibabu ambayo bima na serikali haziyagusi, mfano upasuaji wa macho wa leza wa kuacha miwani. Mtu anauliza bei kwanza, analinganisha, kliniki zinashindana, teknolojia imekua na bei haijapaa kama vitu vingine vya hospitali. Kwanini kwingine isiwe hivyo? Kwa sababu kwingine anayetibiwa siye anayelipa. Toa mlipaji wa katikati uone.

#3

#2 macho ya leza unayapangia siku, hata ukiamua kuahirisha mwaka mzima hufi. Sasa mtu kaanguka na kiharusi anapelekwa na gari la wagonjwa, unataka aulize bei kwa mdomo upi? Na hata akiwa na fahamu zake, anayemwambia "unahitaji hiki kipimo" ndo huyohuyo anayemuuzia kipimo. Mchumi Kenneth Arrow aliliandika hili 1963, kwamba kwenye matibabu mnunuzi hajui anachonunua na anamtegemea muuzaji amwambie, na mpaka leo sijaona aliyelibomoa.

Ila na mleta mada nae nina ugomvi nae. Mi nimekaa miaka upande wa madai ya bima kwenye hospitali moja, sitaitaja, na kitu nilichojifunza ni kwamba bei ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni idadi. Bima ilipunguza malipo ya kumwona daktari, mwezi uliofuata kila mgonjwa anarudishwa "kucheki maendeleo" mara mbili. Ikabana kipimo kimoja, vikaanza kuandikwa vitatu vya jina lingine. Hakuna aliyeiba, kila karatasi ilikuwa na sahihi na sababu ya kitabibu, mi mwenyewe nilikuwa nazipitisha. Ukilipa kwa kila huduma utaletewa huduma, nyingi.

Na hao Wajapani wako mbona wana msemo wao wenyewe, unasubiri masaa matatu kumwona daktari dakika tatu. Unadhani hizo ziara zaidi ya 10 kwa mwaka zinatoka wapi? Bei ya ziara moja ni ndogo, daktari anafidia kwa wingi.

Ndo maana mi nawapenda Thailand kuliko Japani. 2002 walianzisha bima inayolipwa na kodi kwa wote ambao hawakuwa kwenye mifuko ya watumishi na waajiriwa, mgonjwa anatoa baht 30 tu kila akienda. Watu wanakumbuka hizo baht 30 lakini utamu ulikuwa nyuma ya pazia: kliniki inalipwa kwa kichwa, yaani una watu elfu kadhaa chini yako chukua hela yao ya mwaka, wakiumwa wasiumwe ni hiyohiyo. Wanaolazwa wanalipiwa kwa kundi la ugonjwa, yaani kila aina ya ugonjwa ina malipo yake, na jumla ina ukomo wa bajeti. Hapo daktari hana faida ya kukuita tena bila sababu.

#4

Naweka kambi hapa. Leo uzi una watu waliosoma

#5

#3 na akilipwa kwa kichwa hana faida ya kukutibu pia, au hilo hukuliona kwenye hayo madai yako? Anakupa rufaa haraka mzigo uende kwa mwingine.

Ila mi nataka kuwarudisha chini kidogo maana mnaongea kama serikali zote zina hela na zinalipa kwa wakati. Uganda 2001 walifuta ada kwenye vituo vya serikali, watu wakajaa kweli, maskini ambao walikuwa wanakaa na ugonjwa nyumbani wakaja, hilo ni zuri sipingi. Lakini dawa zikawa zinaisha, mtu anaonwa bure anaandikiwa karatasi aende famasi ya nje. Watafiti walipokwenda kuangalia baadae wakakuta mzigo wa gharama kwa familia maskini haukushuka kama ilivyotegemewa. Ghana nao wana bima ya taifa tangu 2003, wakaiwekea chanzo chake kabisa, asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, wazo zuri, lakini malalamiko ya hospitali kucheleweshewa malipo hayajawahi kuisha. Sasa hospitali isipolipwa miezi inafanya nini? Inamwambia mwenye kadi dawa hakuna, mwenye hela mkononi anazipata.

Marais wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Waliofika huko na kubaki huko ni wa kuhesabu. Kwahiyo mleta mada kabla ya kuongelea serikali inayobishana bei, niambie kwanza kuhusu serikali inayolipa.

#1 (mleta mada)

#5 hapo umenigusa, na nadhani umenipa kipande nilichokuwa nakikosa. Mlipaji anayechelewa hana ubavu wa kubisha bei. Fikiria wewe ndo msambazaji wa dawa, mteja mmoja analipa kesho mwingine analipa baada ya miezi 9 akikumbuka, bei itakuwa moja? Yule wa pili utampandishia ufidie kusubiri, au humpi mzigo kabisa. Kwahiyo kuchelewa kulipa ni bei kubwa iliyofichwa. Hilo halinipingi, linasema tu kwamba mnunuzi mkubwa lazima awe mlipaji mzuri, la sivyo ukubwa wake ni wa jina.

#2 foleni sikatai zipo. Ila Wajapani na bei zao za kitabu wana mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili, kwa idadi ya watu kuliko karibu nchi yoyote duniani, kwahiyo bei ya kupangwa sio lazima izae uhaba, inategemea umepanga bei gani na umeajiri wangapi. Kanada tatizo lao kubwa naona ni vitanda na madaktari, serikali imebana idadi. Hivyo ni vitu viwili.

#2

Haya tuje Singapore basi. Wana akaunti za akiba ya matibabu tangu 1984, kila mfanyakazi anawekewa hela yake mwenyewe, akienda hospitali anachomoa humo, anaiona inavyopungua kwahiyo hatumii ovyo. Na wanatumia sehemu ndogo sana ya pato lao kulinganisha na hao wote mliowataja. Mtu akitumia hela yake ana adabu nayo, ndo hoja yangu toka mwanzo.

#6

Kaka #2 Singapore mnaipenda kwa akaunti zake mnasahau kuuliza hospitali ni za nani. Vitanda vingi ni vya hospitali za umma, serikali ndo inaamua vijengwe vingapi, inalipia ruzuku kulingana na aina ya wodi uliyochagua, na inabana idadi ya madaktari na mashine. Ile akiba ni ya kulipia kile kinachobaki baada ya mkono wa serikali. Ni kama kumsifia dereva kwa kufika mapema wakati barabara yote ilifungwa kwa ajili yake.

Na hiyo ya adabu ya hela yako ilishapimwa. Kuanzia miaka ya 1970 Wamarekani walifanya jaribio, wakazigawa familia kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa bure wengine wakachangia viwango tofauti, likaendelea mpaka 1982. Waliochangia kweli walitumia kidogo, hapo uko sahihi. Lakini walipunguza vyote, visivyo na maana na vyenye maana kwa pamoja, kwa sababu mgonjwa hajui kipi ni kipi. Kwa wengi afya haikutofautiana sana. Waliopata hasara ni maskini ambao tayari walikuwa wanaumwa, mfano wenye presha, waliotibiwa bure presha zao zilidhibitiwa vizuri zaidi. Kwahiyo ile adabu inamwadhibu nani hapo?

Mi mama mtu mzima nimemuuguza mume wangu miaka minne, naomba niseme hakuna siku niliyolinganisha bei. Nilikuwa nauliza tu "kuna kitanda?"

#2

Pole sana mama. Hoja ya jaribio naipokea kwa maskini na wagonjwa, hao waachwe wasichangie. Kwa sisi wengine bado nabaki na msimamo wangu, mchango kidogo lazima uwepo. Hata Waingereza walioanza 1948 bure kabisa, haikupita miaka mitatu serikali ikaanza kutoza miwani na meno ya bandia maana bajeti ilikuwa inazidiwa, na Bevan, waziri aliyeuanzisha mfumo wenyewe, alijiuzulu 1951 kwa kupinga hilo.

#3

Mmeacha swali moja na mi ndo linaninyima usingizi. Hicho kitabu cha bei anakiandika nani? Mezani Japani kuna wawakilishi wa madaktari, kuna wa mifuko ya bima, kuna wa umma, wanavutana. Marekani bei za Medicare kwa kazi za madaktari zinafuata kwa sehemu kubwa ushauri wa kamati ya chama cha madaktari wenyewe, na wa kukata na kupasua wamekuwa wakipata vizuri kuliko wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Mleta mada unampa mtu mmoja kalamu ya bei ya nchi nzima. Unamlinda vipi asinunuliwe?

#1 (mleta mada)

Hapo mkuu sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba bei ikiwa kwenye kitabu kilichotangazwa, mimi na wewe tunaweza kukifungua na kuuliza mbona hii imepanda. Bei zinazokubaliwa gizani kati ya kampuni ya bima na hospitali hata hizo pa kuuliza hapana. Ila kununuliwa wananunuliwa, najua, na kwenye kamati ya watu 20 ni rahisi kuliko kwenye soko la watu elfu 20. #3 wewe uliyekaa dirishani, ukiambiwa uiunde hiyo kamati ungemweka nani?

#3

Ningeanza na karani wa madai. Anajua kila ujanja, nimeshasema nilikuwa nazipitisha mwenyewe.