Wauzaji wa floti za tangi la boti: "matundu matano" si kipimo cha nyuzi!

Wakuu, hili jambo limezidi sasa. Unanunua floti ya tangi la mafuta la boti, kile kifaa chenye boya kinachoipa geji kiwango cha mafuta, pakiti imeandikwa "inaingia boti zote". Ndani kuna floti, gasketi na skrubu tano. Hakuna palipoandikwa skrubu hizo ni za nyuzi gani: si kipenyo, si nafasi ya jino na jino. Fundi anazikaza, ya tatu inaanza kuzunguka bila kushika, na tangi zima linabaki na tundu lililoliwa meno. Ukirudisha malalamiko dukani unajibiwa kwamba fundi wako hajui kazi.

Hapana. Aliyeuza bila kuandika nyuzi ndiye aliyeanzisha tatizo.

Wauzaji wanajificha nyuma ya hayo "matundu matano", eti yakilingana na ya tangi basi floti inaingia. Ni kweli mpangilio wa matundu matano kwenye duara la milimita 54 ni wa kawaida, Marekani na Ulaya pia, na tundu moja limesogezwa kidogo ili floti ikae upande mmoja tu. Lakini mpangilio unaeleza skrubu inakaa wapi. Hausemi chochote kuhusu uzi uliochongwa kwenye tangi. Matangi ya mtindo wa Kimarekani mara nyingi yana nyuzi za 10-32 au 10-24 (skrubu namba 10, yenye meno 32 au 24 kwa inchi). Ya Ulaya mara nyingi ni M5, uzi wa kipimo cha milimita.

Na hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu 10-32 na M5 zinafanana mno. M5 ina kipenyo cha milimita 5.0, na kutoka jino hadi jino ni milimita 0.8. Ile 10-32 ina kipenyo cha milimita 4.83, jino hadi jino milimita 0.794. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukitia skrubu ya 10-32 kwenye tundu la M5 inaingia kwa vidole mpaka mwisho, laini kabisa, na mkono unakwambia imekubali. Kumbe ni nyembamba, meno yanashikana kwenye ncha tu. Inavumilia mpaka gasketi inapoanza kubanwa, kisha aluminiamu inang'oka na skrubu inatoka na vinyuzi vyeupe vimejiviringisha kwenye meno yake. Kinyume chake, M5 kwenye tundu la 10-32 inashika mzunguko mmoja au miwili halafu inagoma. Mwenye haraka anachukua spana, na skrubu ya chuma cha pua inajichongea njia yake ndani ya aluminiamu. Ile 10-24 ina nafuu: jino hadi jino ni milimita 1.058, kwa hiyo inagoma mapema na kukuonya.

Kumbukeni pia bati lenyewe ni jembamba. Kwenye bati la milimita 3, M5 inapata mizunguko isiyofika minne. Hapo hakuna akiba ya kuchezea.

Kwa hiyo mafundi, shikeni hili kabla ya kingine chochote: skrubu ni mali ya tangi, si mali ya floti. Matundu ya flenji, ile sahani ya juu ya floti, hayana uzi, skrubu inapita tu. Zile za zamani zikitoka nzima, zioshe na uzirudishe, au nunua mpya za uzi uleule. Zile za kwenye pakiti usiziguse mpaka umezipima. Upimaji wenyewe ni wa dakika chache: vernia kwa kipenyo, na yale majani ya chuma yenye meno kwa nafasi ya uzi. Kama majani hayapo, tafuta nati ambayo una hakika ni M5 na nyingine ya 10-32, ujaribu skrubu ya zamani kwa vidole. Kwenye nati ya 10-32, iliyo ya M5 itagoma mapema. Kwenye nati ya M5, iliyo ya 10-32 itaingia lakini itachezacheza ukiitikisa.

Urefu nao unasahauliwa. Gasketi ya zamani ilikuwa ya milimita 1.5, mpya ni ya milimita 3: skrubu ileile imepoteza milimita 1.5, karibu mizunguko miwili kati ya ile isiyofika minne. Lazima irefuke. Lakini kama tangi lina nati zilizozibwa chini, skrubu ndefu mno inagonga mwisho kabla gasketi haijabanwa. Inahisi imekaza, na mafuta yanavuja.

Floti za kujikaza zenyewe, zile zenye uzi mkubwa mmoja, zina balaa lao. "Inchi moja na robo" haitoshi kama maelezo. BSP (uzi wa mabomba wa Kiingereza) ya ukubwa huo ina meno 11 kwa inchi, pembe ya digrii 55, na kipenyo cha milimita 41.91. NPT (uzi wa mabomba wa Kimarekani) ina meno 11.5 kwa inchi, digrii 60, kipenyo milimita 42.16 hivi. Kila mzunguko zinapishana milimita 0.1, kwa hiyo zinaanza pamoja vizuri, kisha zinabana. Wengi wanadhani kubana huko ndiko kuziba. Siyo! BSP iliyonyooka inazibwa na washa chini ya kichwa. NPT inazibwa na uzi wenyewe kwa sababu umechongoka. Ukizichanganya hupati hata njia moja ya kuziba, na mafuta yanapanda polepole kwa kufuata uzi. Tepu nyeupe haitibu hilo, vipande vyake vinaishia kwenye filta. Tumia kiunganishi cha kubadilisha uzi, na ukumbuke kinainua floti, kwa hiyo pima upya kina. Kama tangi ni aluminiamu, kisiwe cha shaba ya manjano: penye chumvi aluminiamu italiwa.

Silikoni ya kawaida kwenye petroli ni kosa jingine. Inavimba, inalegea, inateleza kutoka chini ya flenji. Gasketi iwe ya mpira wa nitrile, na kama petroli ina ethanoli, mpira wa FKM ni bora zaidi. Chini ya kichwa cha kila skrubu weka washa ya kuzibia, maana kwenye matangi mengi tundu la skrubu limetobolewa mpaka ndani. Kaza kwa kuruka-ruka, kidogo kidogo, na uache gasketi inapoanza tu kutokeza pembeni.

Tundu likishaliwa, tafadhali msitoboe tangi likiwa na petroli au mvuke wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia ngamani, na drili ya umeme inatoa cheche. Hata kifyonza vumbi cha kawaida kina mota yenye cheche, na chembe za aluminiamu hazinaswi na sumaku. Njia safi ni pete ya ndani yenye bolti zake, iliyokatwa sehemu moja ili ipite tunduni: inakaa chini ya bati na kuchukua nafasi ya nyuzi zilizokufa. Kupanua kwenda M6 kunafaa tangi likiwa limetolewa, likiwa tupu na halina mvuke kabisa, na hapo matundu ya flenji nayo yapanuliwe bila kula ukingo wa gasketi.

Tunachodai kwa wauzaji ni mstari mmoja tu kwenye pakiti: uzi, urefu wa skrubu, aina ya mpira wa gasketi, na omu (ukinzani wa umeme wa floti). Mnashindwa nini?

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza mbona geji inaonyesha kinyume baada ya kufunga, hiyo si nyuzi, ni omu. Floti za Kimarekani ni omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Za Ulaya nyingi ni 10 tupu na 180 ikijaa. Pima kwa multimita kabla ya kufunga, ukiinua boya kwa mkono. Floti na geji lazima viwe vya kipimo kimoja, hakuna njia ya kugeuza waya. Na kama sindano haisogei kabisa, angalia waya wa ethi: tangi la plastiki halina ethi lenyewe, na kwenye la chuma gasketi mpya inaweza kuitenga flenji. Funga waya kutoka kwenye flenji hadi hasi ya betri, betri ikiwa imezimwa.