Ushauri: Majina ya kichokozi kwenye menyu ya kokteli, yabaki au yafutwe?

Bilauri
Habari wakuu. Menyu ya kokteli 14 inaenda kwa mchapaji baada ya siku 10, na majina manne yamezua ubishi. La kwanza ni Sex on the Beach (ngono ufukweni). La pili ni Irish Car Bomb (bomu la gari la Kiayalandi). La tatu ni la kubuni, linacheza na jina la utani la kabila fulani. La nne linamtania mtawa. Upande mmoja unasema jina kali ndilo linalouza, anayekereka aagize kingine. Upande wa pili unasema huwezi kumtukana mtu halafu ukamtoza hela. Naomba kipimo cha kufanyia kazi. Na je, jina likibadilika, mteja aliyezoea la zamani ahudumiweje? Nawasilisha.

Chujio
Mkuu, hayo manne usiyaweke kapu moja. Jina la mambo ya chumbani linaleta aibu, na aibu inategemea nani amekaa mezani. Jina la kabila au la maafa linamuumiza mtu hata akiwa amekaa peke yake.

Hilo la bomu litoe leo. Kinywaji chenyewe ni nusu painti ya stauti (bia nyeusi), kisha kibilauri chenye mililita 15 za wiski na 15 za krimu ya wiski hudumbukizwa humo, kinafoka. Jina linataja mabomu yaliyotegwa kwenye magari huko Ayalandi. Sasa kumbuka tarehe 17 Mei 1974: mabomu manne yaliyotegwa kwenye magari, matatu Dublin na moja Monaghan, yaliua watu 33. Waliofiwa wapo hadi leo, na wengine wanasafiri na kuingia baa kama watu wote. Mteja wa Ayalandi akisoma jina hilo anasoma msiba wa nyumbani kwao umewekwa bei.

Badala yake andika "Stauti ya Kudumbukiza", na chini yake: "inywewe papo hapo". Hilo ndilo jambo mteja anatakiwa kujua, kwa sababu asidi ya stauti huikatisha krimu, na ikikaa kidogo tu unapata mabonge kama maziwa yaliyochacha.

Mezani
Kipimo ninachokipendekeza ni kidole. Kabla ya kwenda kwa mchapaji, toa nakala sita kwa printa ya kawaida, zitumike usiku mbili. Mpe mhudumu kikaratasi chenye majina 14 na safu mbili: ALITAMKA na ALIONYESHA. Mteja akiagiza, anaweka alama. Utaona vinywaji vingine vinatajwa, ila kimoja mteja anainamisha uso, anaweka kidole kwenye mstari na kusema "nipe hiki". Kidole kikizidi midomo, jina limekwama. Na hapo huwaoni walioghairi kabisa wakaagiza cha mstari wa chini.

Zingatia kwamba menyu haipimiki kwenye kelele za muziki. Fanya mapema jioni, mtu anaposikika.

Halafu muulize mhudumu mwenyewe, hasa wa kike, na umuulize pembeni, si mbele ya meneja. Yeye ndiye atakayelitamka jina hilo mara 30 kwa usiku mbele ya meza ya wanaume waliokwisha kulewa. Jina la kitandani huwapa mlango wa kumtania, na hawezi kuwafokea kwa sababu neno limeandikwa na baa yenyewe. Binafsi naona hii ni sababu kubwa kuliko mteja kukereka, na ndiyo inayosahaulika.

Kingine ni risiti. Kuna anayelipiwa na ofisi. Hatapeleka kwa mhasibu karatasi yenye neno hilo, kwa hiyo hataagiza.

Kiko_Jikoni
Napinga kidogo. Tukianza kufuta hatutamaliza. Waitaliano wana puttanesca, tambi za nyanya, zeituni na kepa, na jina linamtaja kahaba. Wana strozzapreti, tambi za "kunyonga mapadri". Waturuki wana imam bayildi, biringanya lililojazwa vitunguu na nyanya kwenye mafuta ya zeituni, maana yake "imamu alizimia". Wafaransa wana pets de nonne, vitumbua vidogo vya kukaanga, yaani "mashuzi ya mtawa". Mbona watu wanakula kwa amani?

Chujio
Kiko, mifano yako ni mizuri, ila iangalie vizuri. Ni wenyewe wanaotania viongozi wao wa dini, kwa lugha yao, kwa chakula chao. Mtawa wa Bilauri anaweza kubaki kwa msingi huo, kama kejeli inahusu ulafi au uzito wa kinywaji na haigusi ibada.

Jina la kabila ni jambo jingine kabisa. Tazama ndimu yenye ganda la manundu inayotumika kwenye mapishi ya Thailand, ile yenye jani lililobana kiunoni kama majani mawili yaliyounganishwa. Kwa miaka mingi kwa Kiingereza imeitwa kaffir lime. Sisi tunaijua asili ya neno, kafiri. Lakini Afrika Kusini liligeuzwa tusi la mtu mweusi, na kumwita mtu hivyo kunaweza kukufikisha mahakamani. Ndiyo maana wengi sasa wanaandika makrut, jina la Kithai. Ladha imebaki ileile.

LeboNaSheria
Bilauri, kama una mpango wa kusajili jina au kulitia kwenye chupa, ongeza hili. Umoja wa Ulaya hukataa alama za biashara zinazokiuka maadili ya jamii. Machi 2018 mahakama yake ilithibitisha kufutwa kwa alama ya migahawa ya Kihispania, La Mafia se sienta a la mesa, baada ya Italia kulalamika. Uingereza, Portman Group husimamia kanuni za majina na vifungashio vya pombe, na tangu 2019 kanuni hizo zinagusa pia jina linalokera vikali au kwa upana. Lalamiko likikubaliwa, maduka huelekezwa yasiagize bidhaa hiyo. Hapo una lebo zilizokwisha kuchapwa zimelala stoo.

Bilauri
Asanteni sana. La bomu na la kabila yanatoka leo. Mtawa anabaki, la kitandani linakwenda kwenye kipimo cha kidole. Limebaki swali la mteja wa zamani.

Mezani
Usiandike jina la zamani kwenye mabano, utakuwa hujafuta kitu. Mteja akilitaja, mhudumu asimkosoe, ajibu tu: "Ndiyo, ipo, sasa inaitwa Stauti ya Kudumbukiza," aandike oda. Vipimo na bilauri visibadilike hata kidogo mwezi wa kwanza, vinginevyo watasema mmepunja. Badilisha siku moja kila mahali: menyu, ubao, ukurasa wa oda za mtandaoni, na kitufe cha mashine ya kaunta. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na jina la zamani huendelea kutoka kwenye risiti.